Taa ya kijani inayodanganya

Wadau, juzi nilikuwa Mzenga, Kisarawe, kule inakopita reli ya TAZARA. Dukani kwa wakala mmoja nikamkuta mama anasubiri kutoa hela ya nauli ampeleke mtoto hospitali. Kwenye kompyuta ya wakala kulikuwa na kitaa cha kijani: "Imeunganishwa". Hela haitoki. Nusu saa nzima, kitaa kijani tu! Mwishowe mama akakopa kwa jirani, akaondoka.

Hivi jamani, tulaumu mtandao? Mtandao kukatika si ajabu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti ikasuasua nchi nzima. Ninachokataa mimi ni programu kudanganya.

Rafiki yangu fundi wa programu alinieleza. Programu nyingi huangalia hali mara moja tu, zinapoungana na kanzidata, kisha hukariri jibu hilo. Mawasiliano yakikatika kimyakimya katikati, hakuna anayeziambia. Kwenye Linux upo utaratibu wa kuchungulia kama upande wa pili bado upo, lakini hata ukiwashwa, kwa kawaida husubiri ukimya wa saa 2 ndipo uanze kazi. Saa 2, na mtoto ana homa!

Dawa si ngumu. Programu iitumie kanzidata swali dogo kila baada ya muda mfupi, SELECT 1 inatosha, na iwe na kikomo cha sekunde chache. Jibu lisipokuja, washa nyekundu, jaribu kuungana upya. Pembeni andika saa ya jibu la mwisho, maana hata jibu la sekunde 5 zilizopita ni habari za zamani. Na kila muamala uwe na namba yake, ili ukirudiwa hela isikatwe mara mbili.

Watu wa reli wanalijua hili siku nyingi. Msimamizi wa stesheni haachii treni kwa kuwa asubuhi njia ilikuwa wazi. Anauliza mbele, anasubiri jibu.

Wenzangu mnaotengeneza programu mkiwa Dar, kwenye mtandao wa uhakika, mfikirieni yule mama. Angeambiwa ukweli dakika ya kwanza, angekopa dakika ya pili. Heri nyekundu ya kweli kuliko kijani ya uongo.

Au nakosea?