Nyumba ya nahodha ivunjwe tujenge fremu?

Nimekaa kimya wiki mbili, si mnajua tena mitihani ilivyobana. Leo nina jambo limenikaa rohoni, nisikilizeni kidogo.

Hapa Ilomba ninapopanga, marehemu mwenye nyumba alikuwa nahodha wa meli kule Ziwa Nyasa. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, na sebuleni bado kuna usukani wa meli umetundikwa ukutani. Sasa watoto wanataka ivunjwe, zijengwe fremu za maduka. Jumapili nikajifanya mjuaji, nikamwambia mama, “Mama, hii nyumba ni historia.” Akanitazama, akaniuliza, “Mwanangu, historia inalipa ada?” Nikanywea.

Swali hilo limenirudisha Mombasa, nilikopita likizo. Pale Mji wa Kale, karibu na bandari ya zamani, kuna nyumba inaitwa Leven House. Leven ilikuwa meli ya kivita ya Uingereza, na nahodha wake alikuwa William Owen. Februari 1824 alifika Mombasa akakuta Wamazrui wanamhofia Seyyid Said wa Oman, wanaomba ulinzi wa Waingereza. Owen akawakubalia bila hata kusubiri ruhusa ya London, kwa sharti kwamba waache biashara ya watumwa. Akamwacha Luteni Reitz asimamie mji. Jamaa hakumaliza hata mwaka, homa ikamuua, na leo jina lake limebaki kwenye Port Reitz. Mwaka 1826 London ikaukataa mpango mzima, Waingereza wakafungasha.

Sasa hebu tujiulize. Kama thamani ya nyumba ni yule mkubwa aliyeipa jina, hapo pana nini? Miaka miwili tu, halafu watu wakaondoka!

Kwa mtazamo wangu, thamani iko kwenye kazi ambayo nyumba ile iliendelea kufanya. Kati ya wageni wake wanatajwa mmisionari Krapf na msafiri Burton. Mwishoni mwa enzi za Malkia Victoria ikawa ofisi ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Chini yake kuna ngazi zinazoshuka hadi baharini, na kisima cha maji matamu. Baadaye ikakarabatiwa, ikawekwa ofisi ya kuhifadhi Mji wa Kale wenyewe. Yaani nyumba imepona kwa sababu ilipewa kazi. Haikufungwa kufuli ikasubiri watalii.

Najua kuna mshkaji atasema hizo ni nyumba za wakoloni, zianguke tu. Namuelewa. Lakini ndugu yangu, nani alichoma chokaa? Nani alibeba mawe? Ukuta ukianguka hauangukii jina la Mwingereza peke yake. Unaangukia na jasho la fundi ambaye hakuandikwa popote, na ushahidi kwamba watu waliuzwa kwenye pwani hii. Tuisimulie yote, na aibu yake ndani.

Na tukichelewa tunalipa. Beit al-Ajaib pale Unguja, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liko ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Dalili zote za uchakavu zilionekana. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ikaporomoka wakati wa ukarabati, watu wawili wakafa. Urithi usiotunzwa kwa wakati unaua.

Msiseme basi hayo ni mambo ya pwani, sisi huku ni parachichi na viazi tu. Iringa, majirani zetu, wana Boma la Wajerumani. Lilikuwa ofisi ya serikali miaka mingi, na mwaka 2016, kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, likafunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa. Chuo, jamani! Wanafunzi kama sisi wanaweza kuingia pale wakajifunza kazi. Sisi Mbeya vyuo tunavyo, tunangoja nini?

Narudi kwa mama. Sina jeuri ya kumwambia asijenge fremu, maana ada ni ada na mimi mwenyewe najua bumu likichelewa maisha yanakuwaje. Ila jana nilipima kiwanja kwa hatua. Mbele, upande wa barabarani, fremu nne zinaingia bila kugusa nyumba. Na nyumba yenyewe ina vyumba vinavyopangishika, mimi ni shahidi, nalipa kodi kila mwezi. Nikamchorea kwenye karatasi ya daftari. Nikamuomba pia ruhusa ya kupiga picha zote za meli na kurekodi anayoyakumbuka kabla hayajapotea.

Akaichukua ile karatasi, akaikunja, akasema, “Nitawaonyesha wanangu Jumamosi.” Hajakubali, hajakataa.

Wadau, mtaani kwenu kuna nyumba gani inasubiri tingatinga? Nendeni mkaongee na mwenye nyumba kabla halijafika. Naomba kuwasilisha.