AFYA YA FAMILIA: Uvimbe wa mguu unaojaa na kupungua

Mwezi huu nawaandikia hasa wazazi wenye vijana. Mtoto anacheza mpira, jioni paja au kigimbi kinauma na kuvimba, asubuhi kumepungua. Nyumbani wanasema karogwa, na wembe unatafutwa.

Huo wembe wekeni pembeni kwanza. Kuna uvimbe mmoja, haupatikani sana, unaitwa hemanjioma ya msuli. Ni mishipa ya damu iliyojisokota pamoja ndani ya nyama ya mguu. Sio kansa, wala hausambai kwenda sehemu nyingine za mwili. Mara nyingi unajitokeza kabla mtu hajafika miaka 30, na paja ndilo linaongoza. Lakini ndani ni damu tupu! Ukichanja au ukipiga chuku, damu inaweza kutoka nyingi, na uchafu ukaingia.

Angalieni wenyewe: mtu akikimbia au akisimama sana, unajaa, akilala na kuinua mguu, unapungua. Ngozi ya juu mara nyingi haina alama yoyote, ndiyo maana mtoto anaambiwa anasingizia. Walimu wenzangu, tusimwite mvivu. Wa kwenye kigimbi anaweza hata kuanza kutembea kwa vidole, kisigino hakifiki chini.

Hospitali wanaanza na altrasaundi. Eksirei nayo pengine inaonyesha vijiwe vidogo ndani ya uvimbe, na hivyo vinamsaidia daktari kuutambua. Inayoonyesha vizuri zaidi ni MRI, ila mashine hiyo iko hospitali kubwa tu, kwa hiyo lazima rufaa.

Kupasuliwa sio lazima. Usiouma unaachwa, unaangaliwa tu. Wengine wanapewa soksi ya kubana na dawa ya maumivu, wengine sindano ya kuziba ile mishipa. Kisu ni kwa wanaoteseka sana, na hata hapo unaweza kurudi.

Uvimbe mgumu, unaokua haraka au uliozidi sentimita 5, msiuchezee, maana kuna kansa ya nyama inayofanana nao. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, ukawa wa moto na unauma, nendeni siku hiyo hiyo. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Mkifika, mwambieni muuguzi ulianza lini, na kama mtoto akilala unapungua ao hapana.