Tiketi ya Bure Hulipiwa na Asiyesafiri

Katika muhula mmoja niliokuwa mhadhiri mgeni mjini Houston, Marekani, nilialikwa Jumapili moja kula chakula cha mchana nyumbani kwa Mtanzania mwenzetu. Hadithi kuu ya siku hiyo ilikuwa safari ya mwenyeji wetu kwenda Dar es Salaam kupitia Doha. Alisafiri katika daraja la biashara, kwenye kiti kinachonyooka kikawa kitanda, na kwa maelezo yake hakulipa nauli. Alilipa kodi na ada za viwanja vya ndege tu. Siri ilikuwa kadi za mkopo. Yeye alifungua moja, mkewe akafungua nyingine. Kila kadi ilitoa maili 75,000 kwa mwenye kutumia dola 5,000 ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Maili za kadi moja zikamlipia kwenda, za nyingine zikamlipia kurudi.

Mezani alikuwapo pia mama mmoja kutoka Kivu ya Kusini, mkimbizi aliyehamishiwa Marekani miezi michache kabla ya hapo kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Kazi yake ni kusafisha vyumba vya hoteli. Mama yake mzazi bado yuko kambini. Alisikiliza hadithi hadi mwisho, kisha akauliza: "Kaka yangu, na mimi naweza kupata hiyo kadi?" Mwenyeji alimjibu kwa upole, "Bado, mama. Kwanza lazima uwe na historia ya mikopo." Historia hiyo hakuwa nayo. Unga, mafuta na sabuni alinunua kwa fedha taslimu, na nauli ya kwenda kumwona mama yake alikuwa akiiweka noti kwa noti.

Nilinyamaza siku ile, na aibu ya kunyamaza ndiyo inayonisukuma kuandika leo. Hoja yangu ni hii: mama yule hakuwa mtazamaji wa bahati ya mwenziwe. Alikuwa miongoni mwa walioilipia.

Tufuate mwendo wa dola. Mteja anapolipa dola 100 dukani kwa kadi ya mkopo, mwenye duka hapokei dola 100. Nchini Marekani hukatwa kwa kawaida kati ya dola mbili na tatu, na sehemu kubwa ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi. Kadi yenye zawadi nono humkata mwenye duka zaidi kuliko kadi ya kawaida. Benki hutumia sehemu ya fedha hizo kununua maili kutoka shirika la ndege na kumgawia mwenye kadi. Mwenye duka naye si mfadhili. Hupandisha bei ili kufidia makato. Bei hiyo haibagui. Mwenye kadi huilipa, kisha hurudishiwa sehemu yake kwa njia ya maili. Mwenye noti mkononi hulipa bei ileile, na harudishiwi hata senti.

Anayedhani kwamba hii ni nadharia ya darasani na aende kwenye vituo vya mafuta. Vituo vingi nchini humo hutangaza bei mbili, ya fedha taslimu na ya kadi, na ya kadi ndiyo ya juu. Hapo ukweli umeandikwa kwa taa barabarani. Katika duka la vyakula bei kwa kawaida ni moja, na makato ya kadi yamo ndani yake.

Mwaka 2010, wachumi wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani waliupima uhamisho huu. Walikadiria kwamba kwa wastani kila kaya inayotumia fedha taslimu huwapa watumiaji wa kadi dola 149 kwa mwaka, na kila kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Walipozigawa kaya kwa kipato, waliona kwamba kaya za chini kabisa, zenye dola 20,000 au pungufu kwa mwaka, hutoa dola 21, ilhali kaya za juu, zenye dola 150,000 au zaidi, hupokea dola 750. Miaka kadhaa baadaye, wachumi wengine, wakiwamo wa Shirika la Fedha la Kimataifa na wa Benki Kuu hiyohiyo, waliwalinganisha wenye kadi wao kwa wao. Walikadiria kwamba zawadi za kadi huhamisha takriban dola bilioni 15 kila mwaka kutoka kwa wasiozielewa kanuni za mchezo kwenda kwa wanaozielewa, na kwamba maeneo yenye kipato na elimu duni ndiyo yanayopoteza. Kodi inayopanda kadiri mlipaji anavyoshuka ina jina moja tu katika lugha ya uadilifu: dhuluma.

Mambo hayakuanza hivi. Shirika la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, maili zilikuwa shukrani kwa abiria anayerudi tena na tena. Aliyezipata alikuwa amesafiri kweli. Mwaka 1987 shirika hilo liliungana na Citibank kutoa kadi ya mkopo inayozaa maili kwa kila dola inayotumika, na tangu hapo maili zilianza kuiacha ndege. Leo mtu anaweza kukusanya maili za kuizunguka dunia bila kutia mguu uwanjani, ili mradi tu anunue.

Mashirika ya ndege nayo yakageuka kuwa kitu kingine. Janga la UVIKO-19 liliposimamisha safari mwaka 2020, United iliweka rehani mpango wake wa maili ili ipate mkopo, na mpango huo ukathaminiwa kwa takriban dola bilioni 22, kiasi kinachozidi mbali thamani ya hisa zote za shirika lenyewe sokoni wakati huo. Delta nayo ikachukua dola bilioni 9 kwa dhamana ya mpango wake. Mwaka 2024, Delta ilipokea dola bilioni 7.4 kutoka kwa American Express. Tuyatazame mahesabu hayo bila woga: wawekezaji waliuona uchumba kati ya ndege na kadi kuwa na thamani kuliko ndege zenyewe.

Hata huyo mwenye kadi, anayejiona mjanja, ameshika sarafu ambayo serikali yake haiisimamii kama sarafu. Anayeichapisha ndiye anayepanga bei ya vitu inavyoweza kununua. Delta iliondoa orodha ya bei zake za maili mwaka 2015, na United ikafuata mwaka 2019. Tangu hapo kiti kinaweza kuhitaji maili hizi leo na nyingi zaidi kesho, na mwenye maili hana pa kulalamikia. Mwezi Septemba 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ililazimika kuyataka mashirika manne makubwa yatoe maelezo kuhusu mipango yao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini kinachonikera zaidi ni kile tunachotendeana sisi kwa sisi. Benki nyingi humpa mwenye kadi maili za ziada kwa kila mtu anayemleta. Ndiyo maana katika makundi ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Marekani, katikati ya matangazo ya misiba na michango ya harusi, huingia kiungo cha kadi kikisindikizwa na maneno matamu: "Ndugu zangu, msiachwe nyuma." Mtumaji hasemi kwamba kiungo kinamlipa. Wala hasemi kwamba riba ya kadi hizo imepita asilimia 20 kwa mwaka, wala kwamba deni la kadi nchini humo lilivuka dola trilioni moja mwaka 2023. Aliye na mshahara wa uhakika hulipa deni lote kila mwezi na kuvuna maili. Muuguzi msaidizi mwenye zamu za kubahatisha hulazimika kutumia dola 5,000 ndani ya miezi mitatu ili ahesabiwe, hushindwa kulipa mwezi wa nne, na riba ya mwaka mmoja humeza thamani ya tiketi aliyoiota. Deni lake ni sehemu ya kinachowezesha benki kutoa zawadi kwa yule aliyemwalika. Huko ni kumla ndugu kwa heshima zote.

Nazijua hoja za kunipinga, nami sitaki kuzikwepa. Ya kwanza husema kwamba fedha taslimu nazo zina gharama: huhesabiwa, husafirishwa, huibwa. Ni kweli. Lakini gharama hiyo haimpi yeyote kitanda angani. Ni gharama ya kazi iliyofanyika. Sehemu ya makato ya kadi inayogeuka maili si gharama ya kazi bali ni zawadi, na swali langu ni nani anayeitoa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Marekani ilipoweka kikomo cha makato ya kadi za akaunti mwaka 2011, wafanyabiashara wengi hawakushusha bei. Faida ilibaki mifukoni mwao. Nakubali. Funzo ninalolipata ni kwamba kikomo pekee hakitoshi. Kinahitaji kuambatana na uhuru wa mwenye duka kumwambia mteja ukweli. Mwaka 2018, katika kesi ya Ohio dhidi ya American Express, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, iliruhusu kampuni ya kadi kuendelea kuwazuia wafanyabiashara wasimshawishi mteja atumie kadi nafuu. Soko ambamo muuzaji hafungui mdomo kuhusu gharama ya malipo haliwezi kuitwa soko huru.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa, kwa sababu ni ya watu wetu. Husema: sisi tuko mbali na nyumbani, mzazi akifariki, nauli ya ghafla ni mshahara wa mwezi au zaidi, maili ndizo zinazotuwezesha kuwahi mazishi. Siwezi kumlaumu mtu kwa kutaka kumzika mama yake. Mimi mwenyewe niliwahi kusafirishwa kwenda kwenye kongamano kwa maili za rafiki, na nililala vizuri njiani. Lakini mama wa Kivu naye ana mzazi. Ikiwa haki ya kuwahi mazishi inapatikana kwa kuipandisha bei ya unga wa asiye na kadi, basi tumeitatua shida yetu kwa kuihamishia kwa aliye dhaifu kuliko sisi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata wanapokula meza moja.

Je, kuna njia nyingine? Ipo, na imejaribiwa. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha makato yanayokwenda kwa benki iliyotoa kadi ya mtumiaji wa kawaida: asilimia 0.3 kwa kadi ya mkopo na 0.2 kwa kadi ya akaunti. Ndege hazikuacha kuruka Paris wala Frankfurt, na kadi hazikutoweka. Kilichopungua ni unono wa zawadi, kwa sababu chemchemi yake ilipunguzwa maji. Nchini Marekani, maseneta Dick Durbin na Roger Marshall, wa vyama viwili vinavyopingana, waliwasilisha mwaka 2022 muswada wa kuleta ushindani katika mitandao ya kadi. Mashirika ya ndege na benki yameupiga vita kwa nguvu zao zote, yakiwatumia wenye maili kama ngao.

Hapa ndipo ninapotaka ndugu zetu wenye uraia na kura wajitambue. Mnapopokea barua pepe kutoka kwa shirika la ndege ikiwaomba mmwandikie mbunge wenu "kuzilinda zawadi zenu", ulizeni kwanza zinalindwa dhidi ya nani. Na mnapotuma kiungo cha kadi kwenye kundi, andikeni chini yake mambo mawili: kiasi mtakacholipwa nyinyi, na riba atakayolipa yeye akichelewa. Asiyeweza kuyaandika hayo mawili asikitume.

Sisi tuliobaki nyumbani tusijione wasafi. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu mwezi Julai 2021, nchi nzima ilipiga kelele, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Tuliweza kupiga kelele kwa sababu tuliiona: ujumbe wa simu ulitaja kiasi kilichokatwa. Tozo ya maili haina ujumbe. Imelala ndani ya bei ya sabuni, haina tarehe wala waziri wa kuulizwa. Siku mabenki yetu yatakapotuletea kadi za namna hii kwa mbwembwe za safari za bure, tudai jambo moja kabla ya mengine yote: makato yaandikwe kwenye risiti, kila mnunuzi ayaone, na asiyetumia kadi asiyalipe.

Mama wa Kivu hakuomba huruma ya mtu pale mezani. Aliuliza kama mlango upo wazi kwake, akaambiwa bado. Tulichopaswa kumwambia, na hatukumwambia, ni kwamba kiingilio alikuwa tayari anakilipa kila anapokwenda dukani. Naomba kutoa hoja.