Asili ya Nani? Wafuasi, Maneno na Kuvunjika kwa FORD

Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, "asili" ni nomino tuliyoikopa kutoka Kiarabu, yenye maana ya chanzo au chimbuko. Kwa Mkenya aliyepiga kura mnamo Desemba 1992, neno hilo lilikuwa jina la chama, na zaidi ya hayo lilikuwa shtaka. Ajiitaye asili amekwisha kumwita mwenzake bandia. Nimeonelea nilijadili katika kurasa hizi kwa sababu uchaguzi wa viongozi wa chama chetu cha Kiswahili umekaribia, na wafuasi wa wagombea wetu wawili wakuu, watu wanaosoma darasa moja na kuazimana vitabu, tayari wanaketi pande mbili za ukumbi.

Turejee nyuma kidogo kwa manufaa ya wale ambao hawakuwa wamezaliwa. FORD, vuguvugu la kurejesha demokrasia, lilianzishwa Agosti 1991 na watu sita: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz. Orodha hiyo pekee inatosha kumwonyesha msomaji kwamba halikuwa vuguvugu la kabila moja. Mkutano wao wa Kamukunji wa Novemba mwaka huo ulizimwa na polisi. Mwezi uliofuata, kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee halali, kilifutwa. Januari 1992 FORD ilirudi Kamukunji, safari hii kwa idhini, na uwanja ukafurika. Siku hiyo swali la nani mwenye chama halikuwa na maana. Mwenye chama alikuwa yeyote aliyefika.

Mei 1992 Kenneth Matiba alirejea kutoka London, alikokuwa akitibiwa baada ya kupatwa na kiharusi akiwa kizuizini, naye akalakiwa na umati mkubwa. Hapo ndipo chama kilipojikuta na wagombea wawili wazito. Jambo hilo si ugonjwa. Chama kisicho na washindani ndicho cha kutiliwa shaka. Ubishi uliozuka ulikuwa wa utaratibu: je, mgombea urais ateuliwe na wajumbe au na wanachama wote moja kwa moja? Kambi ya Matiba na Shikuku ilitaka wanachama wote wapige kura. Kambi ya Odinga ilishikilia njia ya wajumbe. Bila shaka kila upande ulipenda utaratibu uliouahidi ushindi. Hata hivyo, hilo ni suala ambalo watu wazima wangeweza kulimaliza mezani.

Halikumalizwa mezani. Kambi moja ilikuwa na ofisi zake katika jumba la Agip, nyingine katika jumba la Muthithi, na punde si punde majumba hayo yakageuka kuwa majina ya watu. "Wewe ni Agip au Muthithi?" (Sidhani kampuni ile ya mafuta ya Waitaliano ilitambua kwamba imepata wafuasi wa kisiasa.) Mwanaisimu ataona mara moja kilichotokea hapa. Neno linalotaja mahali lilianza kutaja aina ya binadamu, na ukishakuwa aina ya binadamu huwezi kuhama kwa kushawishiwa na hoja. Huhami ila kwa kusaliti. Tuhuma za kununuliwa na KANU zikarushwa huku na huku. Agosti Muliro akafariki ghafla, na pamoja naye likaondoka tumaini la wengi la kupata mpatanishi. Kufikia Oktoba kulikuwa na FORD-Kenya ya Odinga na FORD-Asili ya Matiba. Tazama majina hayo mawili: mmoja amejitwalia nchi, mwingine amejitwalia chimbuko. Hakuna aliyemwachia mwenzake hata pembe ya kuketi.

Simulizi iliyozoeleka huwabebesha lawama wazee wawili na uroho wao wa madaraka. Silikatai hilo, ila naliona pungufu. Kiongozi huweza kurudi nyuma iwapo wafuasi wake wamemwachia mlango. Mgombea ambaye umati umekwisha kumwimbia kwamba ndiye pekee mwenye haki hawezi kukubali nafasi ya pili bila kuonekana amewauza wote waliomwimbia. Wapo pia watakaosema kwamba yote yalikuwa ukabila tu, na kwamba mgawanyiko haukuepukika. Ukabila ulikuwepo, tena ulikolea kadiri kampeni zilivyosonga. Lakini Paul Muite alibaki na Odinga, akachaguliwa mbunge wa Kikuyu kwa tiketi ya FORD-Kenya. Shikuku akawa upande wa Matiba, akashinda Butere kwa tiketi ya FORD-Asili. Njia za kuvuka zilikuwepo. Waliozifunga ni watu.

Matokeo tunayajua. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Daniel arap Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba alipata karibu asilimia 26 na Odinga takriban 17, ilhali Mwai Kibaki wa chama cha DP alipata zaidi ya 19. Bungeni, kati ya viti 188 vilivyogombewa, FORD-Kenya ilipata 31 na FORD-Asili 31. Viti sawa kabisa! Baada ya kelele zote za nani asili na nani bandia, mpigakura aliwapimia kwa kibaba kimoja, na KANU ikaketi na viti vyake 100. Najua kura za watu wawili hazijumlishwi kama mahindi gunia moja juu ya jingine. Huenda baadhi ya waliompa Matiba wasingempa Odinga kamwe, na kinyume chake. Lakini hata hiyo "kamwe" ilitengenezwa katika miezi michache, na watu waliokuwa wamesimama bega kwa bega Kamukunji.

Linganisha na Oktoba 2002 katika bustani ya Uhuru. Upinzani ulikuwa na wanaotaka urais wengi kuliko wa 1992, na Raila Odinga akatamka maneno mawili: "Kibaki tosha." Mwalimu wa sarufi angelipigia mstari mwekundu tungo hilo kwa kukosa kiambishi cha nafsi. Kimaana, hata hivyo, lilifanya kazi ambayo "asili" haikuweza kuifanya. Kusema fulani anatosha si kusema wengine ni bandia. Wafuasi wa Raila, wa Wamalwa na wa Ngilu waliweza kulitamka bila kuwakana watu wao, na Kibaki akashinda kwa takriban asilimia 62. Sidai kwamba neno lilitibu kila kitu. Washirika wa NARC walizozana mapema kuhusu mkataba wao wa kugawana vyeo, na kura ya maoni ya 2005 ikawatenga hadharani. Miaka miwili baadaye wafuasi wa Raila na wa Kalonzo Musyoka waliachana, hawa wakiwa ODM na wale wakibaki ODM-Kenya, jina moja tena likivutwa na mikono miwili.

Sasa nirudi nyumbani. Karibu na mlango wa maktaba kumebandikwa bango la mmoja wa wagombea wetu, kijana mzaliwa wa Pwani. Limeandikwa kwa herufi kubwa: KINA WENYEWE. Kila msomaji wa jarida hili anaijua kauli hiyo na anaelewa inamlenga nani. Mpinzani wake ni binti wa bara, aliyejifunza Kiswahili darasani kama wengi wetu. Wafuasi wa binti huyo wamejibu kwa bango lao, WENYEWE NI WENYE KURA, nao wanapita vyumbani wakihesabu wabara ni wangapi na wapwani ni wangapi. Mimi pia ni wa bara. Nilikuwa nimekusudia kumpigia kura yule kijana, kwa kuwa ndiye aliyeeleza vizuri zaidi namna ya kuchapisha jarida hili mara mbili kwa mwaka badala ya kungoja fedha zibaki. Tangu bango libandikwe, wenzangu wa bara wananiuliza nimenunuliwa kwa kiasi gani.

Yeye hakulibandika. Ameniambia hivyo, nami namsadiki. Ni wafuasi wake. Lakini limekaa pale juma zima, naye hupita mbele yake kila asubuhi. Nimemwomba alibandue kwa mkono wake, mchana, watu wakiona. Hadi ninapoikabidhi makala hii kwa mhariri, hajanijibu.