Kidonge Kinachomezwa Nyumbani

Mwezi huu tungependa tuongee juu ya jambo ambalo wengi huogopa hata kulitaja: kansa ya matiti iliyokwisha kusambaa mwilini, na vidonge ambavyo mgonjwa hupewa akameze nyumbani.

Hapa Nyasubi, Kahama, sisi akina mama wachache wa kanisani huwatembelea wagonjwa. Mmoja wao alikuwa mama wa watoto wanne aliyerudi kutoka kutibiwa Mwanza. Kansa ilikuwa imefika kwenye mifupa, naye alipewa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku. Tulifurahi kuona maumivu yanapungua, hata akaanza tena kuuza mboga. Tuliomba naye, tukaimba, tukaaga. Hatukumwuliza neno hata moja kuhusu vile vidonge.

Mwezi wa nne binti yake akatujia mbio. Mguu wa kushoto wa mama ulikuwa umevimba tangu Jumapili, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Tulikuta umechanjwa na kupakwa dawa nyeusi. Baada ya kumwamkia mama mkwe wake, akatuambia kwa upole, "Wanangu, huu si ugonjwa wa hospitali. Amekanyaga kitu kilichotegwa." Hatukubishana naye, maana alikuwa amefanya alilolijua. Tulimwomba ruhusa, tukampandisha mgonjwa kwenye bajaji. Hospitalini ikaonekana kwamba damu imeganda ndani ya mshipa wa mguu. Alidungwa sindano za kuzuia kuganda, uvimbe ukapungua, na daktari wake akambadilishia vidonge. Angechelewa zaidi, bonge lile lingeweza kupanda mpaka kwenye mapafu na kumwua.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuomba, sisi huomba kwanza kuonyeshwa vidonge. Haya ndiyo tunayowaeleza wagonjwa na jamaa zao.

Kidonge hiki hufanya nini?

Kansa nyingi za matiti hulishwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni. Tamoksifeni huziba mlango ambao homoni hiyo huingilia kwenye chembe za kansa, nayo kansa ikakosa chakula. Dawa hii si ngeni. Ilianza kutumika Uingereza mwaka 1973 kwa wanawake wenye kansa iliyosambaa, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini haifai kwa kila kansa ya matiti. Ndiyo maana hukatwa kinyama kidogo kikapimwa kwanza. Basi usimgawie jirani mwenye uvimbe vidonge vyako. Kidonge si chumvi ya kuazimana.

Jinsi ya kumeza

Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa siku, kabla au baada ya chakula, saa ile ile kila siku. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo. Kama saa ya kidonge kingine imekaribia, acha kile cha jana. Usimeze viwili kwa pamoja. Usikate kidonge nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Vihesabu mapema, na vikibaki vya wiki mbili anza kutafuta nauli. Vitunze ndani ya pakiti yake, mbali na jiko, jua na joto la bati, na mahali watoto wasipofikia.

Katika majuma ya kwanza mifupa huweza kuuma zaidi. Wengi hudhani dawa imewadhuru wakaiacha. Usiiache, mweleze daktari. Lakini maumivu yakiambatana na kiu kali, kutapika au kuchanganyikiwa, usikae nyumbani. Joto la ghafla mwilini na jasho la usiku ni mambo ya kawaida. Yanasumbua, ila si ya hatari.

Dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo

Mguu mmoja kuvimba, kuuma au kuwa wa moto. Usikandwe wala usichanjwe. Kansa yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda, na tamoksifeni huiongeza zaidi.

Kifua kuchoma ghafla, kuhema kwa shida, au kukohoa damu.

Uso kupinda, mkono kulegea, au maneno kushindikana.

Ziko pia dalili za kumweleza daktari bila kungoja tarehe ya kliniki: kutokwa damu ukeni nje ya hedhi, hasa kwa mama aliyekwisha koma hedhi, kwa kuwa dawa hii huweza kuleta kansa ya mfuko wa uzazi, macho kuona ukungu, na macho kuwa ya manjano.

Dawa zisizopatana

Huku kwetu kwenye machimbo ya dhahabu, kuanzia Kakola mpaka Geita, vumbi la mawe huharibu mapafu na kifua kikuu huwapata wengi. Mama akikipata kutoka kwa mumewe naye yumo kwenye tamoksifeni, ni lazima kliniki zote mbili zijulishwe. Rifampisini, dawa kubwa ya kifua kikuu, hulifanya ini liivunje tamoksifeni upesi hata ikabaki kidogo sana katika damu. Usiache dawa yoyote kati ya hizo mbili kwa uamuzi wako, madaktari watapanga. Taja pia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, za sonona, na mizizi unayochemsha.

Mama ambaye bado anapata hedhi asishike mimba akiwa kwenye dawa hii, maana humdhuru mtoto tumboni. Vidonge vya majira na sindano havimfai. Atumie kondomu au kitanzi kisicho na homoni. Asinyonyeshe pia.

Ukipewa vidonge vipya zaidi, kama palbosiklibu au ribosiklibu, utaratibu ni mwingine: humezwa siku 21, kisha hupumzishwa siku 7. Damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu hupunguza chembe za kinga. Homa ya nyuzi 38 si ya kungojea asubuhi. Na usile balungi.

Neno la mwisho

Wako waliotuambia, "Tumeombewa, kwa nini tumeze tena?" Tunawajibu kwamba Luka alikuwa tabibu, na hakuacha kuwa tabibu alipoamini. Omba, na umeze. Hospitali za Bugando na Ocean Road ziko mbali, na daktari hawezi kuuona mguu wako ukiwa Nyasubi. Wa kuuona ni binti yako, mama mkwe wako, jirani yako. Wasomee ukurasa huu mkiwa mezani jioni, ili siku mguu ukivimba Jumapili, msingoje Alhamisi.

Tukutane mwezi ujao.