MPAGAZI ASIMAMISHWE STESHENI TABORA

Reli mpya yajengwa kuelekea Tabora. Stesheni ya Dar es Salaam imekwisha pewa umbo la tanzanite. Sisi twauliza: stesheni ya Tabora itapambwa kwa sura ya nani?

Kabla reli ya Wajerumani haijafika hapa mwaka 1912, wazee wetu wa Unyamwezi walikwenda Bagamoyo na kurudi kwa miguu, pembe za ndovu begani. Wengi walikwenda kwa ujira. Wengine katika misafara ile walifungwa minyororo, wakauzwe. Leo mgeni hupelekwa Kwihara kutazama tembe la Livingstone. Mpagazi je?

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 yawataja wapagazi katika maandishi yake. Lakini aliye juu na bunduki ni askari peke yake, na shaba yenyewe ilitengenezwa Uingereza. Mpagazi alipewa maneno, mwili akanyimwa!

Hayo yasirudiwe. Shirika la Reli liwape kazi wachongaji wetu, tena sasa, ramani zikiwa mezani, si siku tatu kabla ya kukata utepe, mtu akatumwa dukani kununua picha ya twiga. Walipwe malipo ya fundi. Wazee wa Unyanyembe waulizwe mzigo ulifungwaje, na kirangozi alivaa nini alipotangulia msafara. Wanawake waliofuatana nao wasiachwe. Na sanamu isipandishwe juu ya nguzo. Iwekwe chini, mlangoni, abiria apitapo na mzigo wake.