Mhamaji na Apime Mzigo Kabla ya Kupakia

Hapa Ngaremara, kaskazini mwa mji wa Isiolo, kando ya barabara kuu iendayo Moyale, kuhama si jambo geni. Malisho yanapokauka, mama wa Kiturkana huibomoa nyumba yake, akafungasha vyombo katika matenga ya fito na kumtwika punda. Wenzetu Warendille na Wagabra, walio kaskazini zaidi, hutumia ngamia, na fito za nyumba ndizo huwa tandiko la mzigo. Nimefundisha miongoni mwa wafugaji kwa miaka mingi, na sijapata kumwona mama akimpakia punda kitu asichojua kitamfaa nini aendako.

Laiti sisi tuliosoma tungekuwa na hekima hiyo!

Miaka kadhaa iliyopita, mwalimu mwenzangu alibahatika kupata kibali cha kuhamia Marekani pamoja na jamaa yake. Tulimfanyia karamu, tukamwombea heri. Yeye aliazimia kuondoka na kila kitu: makochi, kabati, vitanda, na gari lake dogo lililoundwa Japani, alilolipenda kama mboni ya jicho. Wakala mmoja wa usafirishaji, ambaye sitamtaja, alimhakikishia kwamba vyote vingeingia katika kontena la futi 20 na kufika salama. Mwenzangu alichukua mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo. Mdhamini wake nilikuwa mimi.

Kontena lilifika. Gari halikuruhusiwa kuingia. Sheria ya Marekani husema kwamba gari ambalo halikuundwa kwa kufuata viwango vya usalama vya nchi hiyo haliruhusiwi kuingia na kubaki huko kama gari la kawaida mpaka litimize umri wa miaka 25. Lile la mwenzangu halikuwa limefikia hata nusu ya umri huo. Kila siku iliyopita bandarini ilizidisha ada ya kuhifadhi, hata gharama ikaipita thamani ya gari lenyewe. Mwenzangu, mgeni asiye na kazi bado, alishindwa kulipa mkopo. Mshahara wangu ulikatwa kwa miezi 18.

Sisemi haya ili kumlaumu. Aliyenitia uchungu zaidi ni mimi mwenyewe. Mimi huwafundisha watoto ufahamu, huwaambia wasome swali mara mbili kabla ya kujibu. Kisha nikatia sahihi karatasi ya mkopo bila kuuliza swali moja la maana: je, gari hili linaruhusiwa kuingia huko liendako? Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi niliona haya kuuliza, na haya hiyo ilinigharimu.

Ubaya ni kwamba mambo haya si siri. Kontena si uchawi. Tangu mwaka 1956, Mmarekani Malcom McLean alipopakia makontena 58 katika meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston, usafirishaji wa shehena umekuwa kazi yenye kanuni zilizoandikwa. Mbao za kufungashia sharti ziwe zimetibiwa kwa joto au dawa na kupigwa mhuri, ili zisibebe wadudu. Vitu vitokanavyo na wanyama wa porini, kama vile pembe za ndovu, ni hatari kuvibeba. Hati ya shehena ndiyo ushahidi wa mali yako. Ikipotea, umejitia mashakani. Na bima si anasa. Mwezi wa Machi 2021, meli ya Ever Given ilipokwama katika mfereji wa Suez kwa siku sita, wenye shehena walitakiwa kuchangia hasara au kutoa dhamana kabla ya kukabidhiwa mali yao, kwa mujibu wa desturi ya kale ya bahari. Asiye na bima huchangia kutoka mfukoni mwake.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wengi wa waendao hurudi, na hapo pia ujinga huwangoja. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humruhusu mkazi anayerejea kuingiza vyombo vyake vya nyumbani alivyovitumia, pamoja na gari moja, bila kulipa ushuru. Lakini hapa kwetu sharti awe ameishi ng'ambo kwa muda usiopungua miaka 2, awe ametimiza umri wa miaka 18, na gari awe amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko kwa miezi 12, bila kuhesabu muda wa safari ya melini. Shehena yafaa ifike katika siku 90 baada yake yeye kuwasili, isipokuwa aongezewe muda. Licha ya hayo, gari lisiwe limezidi umri wa miaka 8, na lipitishwe na wakaguzi kabla ya kupakiwa. Anayenunua gari wiki moja kabla ya kurudi, akidhani ameukwepa ushuru, hujidanganya.

Ni wangapi kati yetu walimu tunaoyajua haya? Ni wanafunzi wangapi waendao vyuoni ng'ambo ambao wamewahi kuisoma fomu ya forodha? Kanuni hizi huandikwa kwa Kiingereza kizito cha mawakili, na anayezifasiri kwa Kiswahili aghalabu ni wakala mwenye haja ya kulipwa. Natoa mwito kwa wahusika wa ushuru na viwango wazichapishe kwa Kiswahili chepesi na kuzibandika katika kila makao makuu ya kaunti. Nasi walimu tuzilete darasani. Hati ya shehena ni zoezi zuri la ufahamu. Kukokotoa gharama ya kontena ni hesabu ambayo mtoto hataisahau.

Huenda mtu akauliza, bandari inamhusu nini mtoto wa mfugaji? Inamhusu sana. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli mwezi wa Mei 2021, na ukanda uliopangwa kuiunganisha na Ethiopia unapitia Isiolo. Bahari inatujia, tupende tusipende.

Mwenzangu sasa ana kazi, na ameanza kunirejeshea fedha zangu kidogo kidogo. Katika barua yake ya mwisho aliniambia kwamba makochi yake hayakuingia mlangoni mwa nyumba aliyopanga. Chombo pekee anachokitumia kila siku ni ekicholong, kigoda kidogo cha mti alichopewa na mzee mmoja wa hapa siku ya kuagana, akakitia katika mkoba wake wa mkononi. Kigoda hicho hakikuhitaji wakala, mkopo, wala mdhamini.